Yule Maskini, Bwana Msa na Kijakazi: Wasimulizi Wetu Walivyowaita Watu Wao



Ukifungua riwaya ya Kiingereza ya zamani, tuseme Tom Jones ya Henry Fielding iliyotoka mwaka 1749, utamkuta msimulizi anamtaja kijana wake kwa jina, kisha kila baada ya kurasa chache anamwita "shujaa wetu". Kijana mwenyewe hakuteka ngome wala hakuzamisha jahazi la adui. Ni mtoto wa kuokotwa, mwepesi wa ngumi na mwepesi zaidi wa moyo mbele ya wanawake. Lakini lile neno "wetu" ndilo lenye kazi. Linamvuta msomaji akae upande mmoja na msimulizi, kama watu wawili walioko barazani wakimwangalia wa tatu anayepita njiani. Miaka 100 baadaye neno hilo lilikuwa limeshachakaa, hata Thackeray alipoitoa Vanity Fair kwa kitabu kizima mwaka 1848 aliandika chini ya jina la kitabu kwamba hii ni riwaya isiyo na shujaa. Wasomaji wake waliuelewa mzaha.

Na sisi je? Swali hili limenikaa kichwani muda mrefu, kwani katika hadithi zetu za zamani nilizozisoma sikumbuki msimulizi anayemzungumzia mtu wake hivyo. Shujaa kwetu ni mtu wa vita, ni Fumo Liyongo na wenziwe, si kila anayepita katikati ya hadithi. "Mhusika mkuu" ni neno la darasani. Limeletwa na wahakiki, na wengine wao wakapendelea kusema "nguli". Vijana wa senema nao walikuwa na lao, "stelingi", na kila mtu wa rika langu anajua kwamba stelingi hafi, akifa basi fedha ya kiingilio irudishwe. Lakini hayo yote ni maneno ya kumzungumzia mtu wa hadithi baada ya hadithi kwisha. Mimi nataka lile ambalo msimulizi mwenyewe analitumia akiwa katikati ya kazi, pale anapolazimika kumtaja mtu wake kwa mara ya 20 na hataki kutuchosha. Kwetu jambo hilo halikuwa la urembo wa lugha tu. Katika nchi ambayo namna ya kumwita mtu ilitosha kueleza nani bwana na nani mtwana, msimulizi hakuweza kufungua mdomo bila ya kuonesha anampanga wapi mtu wake.

Tuitazame lugha kwanza, maana nusu ya kazi inafanywa nayo. Kiswahili kinamruhusu msimulizi kumbeba mtu safari nzima kwa herufi moja. Akatoka, akenda, akafika, akabisha hodi, akakaribishwa, akala, akalala. Hapo hatujaambiwa jina, wala kama ni mwanamume au mwanamke, na hakuna aliyelalamika. Mwingereza anayeifasiri sentensi hiyo hana budi achague jinsia tangu neno la kwanza. Sisi tunaweza kungoja. Msimulizi akiona kwamba wasikilizaji wameanza kupotea, anamrudisha mtu wake kwa "yule": yule kijana, yule mwanamke, yule maskini. "Yule" inayotangulia jina si sawasawa na "yule" inayofuata. Nikisema "kijana yule" namwonesha kwa kidole mtu aliye mbali. Nikisema "yule kijana" nakukumbusha mtu ambaye mimi na wewe tumeshamjua. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo "wetu" ya wasimulizi wa Kiswahili, nayo ina adabu zaidi kuliko ya Fielding, kwa sababu haimsifu mtu wala haimdhihaki.

Kumbukumbu nzuri ya usimulizi huo ni kitabu cha Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyefika Unguja mwaka 1864. Mwaka 1870 alichapisha London hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja, Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa wa pili. Tukumbuke tarehe hizo. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa bado linafanya kazi. Lilifungwa mwaka 1873. Hadithi zile zilisimuliwa katika mji ambao mtu aliweza kununuliwa asubuhi na kupewa jina jipya jioni.

Kati ya hadithi hizo iko ya Sultani Darai, na wengi wetu tuliwahi kusimuliwa kwa namna moja au nyingine. Mtu ameupoteza utajiri wake wote, sasa anachakura jaani kama kuku akitafuta punje za mtama. Siku moja anaokota thumuni, sehemu ya 8 ya riale, na badala ya kununua chakula ananunua paa. Watu wanamcheka. Lakini paa huyo anasema, na ana akili kuliko watu wa mji mzima. Anaokota almasi chini ya mti, anaifunga kwa majani, anaipeleka kwa sultani wa nchi ya mbali na kumwambia kwamba ametumwa na Sultani Darai kuja kuposa.

Sultani Darai hayupo. Ni jina lililotungwa na paa njiani. Mtu mwenyewe ni yule maskini wa jaani, na George Bateman, aliyezichapisha hadithi za Unguja kwa Kiingereza mjini Chicago mwaka 1901, anatwambia kwamba jina lake ni Hamdani, ingawa Bateman aliliandika kwa irabu nyingi kama alivyolisikia. Kwa hiyo mtu mmoja anapita katika hadithi akiwa na vyeo vitatu. Kwa watu wa mji ni maskini. Kwa mkwewe ni Sultani Darai. Na kwa paa, tangu siku ile ya thumuni mpaka siku ya mwisho, ni bwana. Paa anamwosha, anamtafutia nguo, anamwua nyoka wa vichwa saba ili ampatie nyumba, na kila anachokifanya anakifanya kwa ajili ya bwana wake.

Tena paa hana jina. Bateman alimwita Kijipaa, lakini hilo nalo si jina, ni paa tu aliyepunguzwa umbo. Kila tendo la maana katika hadithi ni lake, maskini amekaa tu anangojea kupelekwa, na bado hadithi imeitwa kwa cheo cha uongo cha yule aliyekaa. Mwishowe paa anaugua. Mke anahuzunika, lakini bwana anaamuru apikiwe uji wa mtama mwekundu, kwani kanunuliwa kwa thumuni tu. Paa anakufa kwa uchungu na kutupwa kisimani. Usiku ule mke anaota kwamba yuko kwa baba yake, na mume anaota kwamba anachakura jaani. Kunapokucha, ndoto zote mbili ni kweli.

Huwa najiuliza nani alikuwa akiisikiliza hadithi hii Unguja ya miaka ya 1860. Uani, usiku, baada ya kazi, wengi wa waliokaa kitako wakisikiliza walikuwa wenyewe wamenunuliwa kwa bei inayojulikana. Walijua maana ya kumtumikia mtu, kumfanya awe mtu, kisha siku ya kuugua kukumbushwa bei. Msimulizi hakuhitaji kusema lolote juu ya utumwa. Ilitosha kumwita mmoja bwana na mwengine paa mpaka mwisho, na kumwacha yule asiye na jina awe ndiye anayeliliwa.

Katika hadithi ya Sultani Majinuni mambo yanakwenda kinyume. Sultani ana watoto saba wa kiume, na mdogo wao, ambaye ndiye atakayemkamata ndege anayekula tende na kumwua nunda mla watu, anashinda jikoni. Bateman anampa jina la Mkaa Jikoni. Ni jina la kejeli, la ndugu wakubwa na baba aliyekata tamaa, na msimulizi hamvui. Hata anapotoka porini na kurudi na mzoga baada ya mzoga, mama yake akimwambia kila mara kwamba huyo siye, bado ni Mkaa Jikoni. Waingereza wangeshamfanya shujaa wao tangu yule ndege. Kwetu kejeli inaachwa ikae palepale, na ushindi unakuja juu yake.

Washairi wa tenzi nao walikuwa na sababu zao za kubadilisha majina, nazo ni mizani na vina. Tangu Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, desturi ya tenzi ni kwamba Sayyidna Ali anaweza kuwa Ali katika ubeti mmoja na Haidari katika mwengine, kwa kuwa kipande cha mizani nane hakimngojei mtu. Hayo ni mapana na yanataka makala yake.

Riwaya ya kuchapwa ilipoingia kwetu iliingia kwa mlango usiotazamiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930 Frederick Johnson, aliyekuja kuwa katibu wa kwanza wa ile Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, alifasiri au alishiriki kufasiri vitabu vya Kiingereza kwa ajili ya skuli. Humo mna Mashimo ya Mfalme Sulemani, mna Kisiwa chenye Hazina, mna safari za Gulliver. Angalia vitabu hivyo vitatu vina nini cha pamoja: vyote vinasimuliwa na "mimi". Mzee Quatermain anajisimulia, kijana Jim Hawkins anajisimulia, Gulliver anajisimulia. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kiswahili wa zama zile hakumkuta kabisa yule msimulizi wa Fielding mwenye kusema "shujaa wetu". Alimkuta Mzungu anayesema mimi nilikwenda, mimi niliona, na watu weusi wa humo wakitajwa kwa kazi zao. Ndiyo maana, nadhani, waandishi wetu wa mwanzo hawakuiga Waingereza katika jambo hili. Walirudi nyumbani kutafuta.

Shaaban Robert alirudi mbali zaidi ya nyumbani. Adili na Nduguze, iliyotoka mwaka 1952, inajulikana kuwa imejengwa juu ya kisa kimoja cha Alfu Lela Ulela. Katika kisa cha asili khalifa ni Harun al-Rashid, liwali wa Basra ni Abdallah bin Fadhil, na ndugu zake wawili wahaini, waliogeuzwa mbwa, ni Nasir na Mansur. Haya ni majina ya watu. Ungeweza kukutana nayo Muscat au Mkunazini leo hii. Shaaban aliyafuta yote. Abdallah akawa Adili. Ndugu wakawa Hasidi na Mwivu, na mbwa wakawa manyani. Khalifa akawa Rai, mfalme wa Ughaibuni, nchi ambayo sisi wasomaji wa jarida hili tunadai kuwa ni raia wake.

Msimulizi anayemwita mtu wake Adili ameshatoa hukumu kabla ya ushahidi. Hana haja ya "yule" wala ya sifa. Kila akilitaja jina amemsifu. Katika Kusadikika ya mwaka 1951 ni hivyohivyo, Majivuno anashitaki na Karama anajitetea, na msomaji anajua tangu mwanzo asimame upande gani. Wako wanaoipenda njia hii kwa usafi wake. Mimi naiheshimu bila ya kuipenda sana, kwani mtu anayeitwa Adili hawezi kunishangaza. Nasir na Mansur waliweza kuwa wema au wabaya, na ubaya wao ulipodhihiri uliuma. Lakini tumtendee haki Shaaban: aliandika chini ya serikali ya kikoloni, ambamo kila mtu alikuwa na cheo chake mbele ya jina, bwana huyu na boi yule. Kumtaja mtu kwa tabia yake peke yake, bila ya ukoo, bila ya rangi wala kabila, ilikuwa pia njia ya kuvivua vyeo vyote hivyo kwa mkupuo mmoja.

Na Shaaban huyohuyo alijua vizuri jina linavyoweza kumvua na kumvisha mtu. Aliandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji aliyezaliwa Fumba karibu na mwaka 1880 na kufariki mwaka 1950. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mtumwa. Siti, yaani bibi mwenye heshima, alipewa baada ya kuhamia mjini na kusikika sauti yake, na kwa jina hilo ndipo alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Wasifu si hadithi ya kubuni, lakini mwandishi wake ni msimulizi kama wengine, naye kila anapomtaja mtu wake kwa jina la Siti anakubaliana na mji uliomvisha jina hilo, na kulitupa lile la Fumba.

Tufike kwa Bwana Msa. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alishinda shindano la Ofisi ya Vitabu ya Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960. Baadaye zikafuata Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na nyingine, na katika zote mpelelezi ni mmoja, mvuta kiko, na rafiki yake Najum yuko kando. Kila mtu amesema kwamba ni Sherlock Holmes aliyevaa kanzu, na ni kweli kwa kiasi chake. Lakini tazama jina. Wasomaji wa Kiingereza wanamjua yule wa kwao kuwa ni Holmes, jina tupu la ukoo. Huyu wetu ni Bwana Msa. Msa ni Musa aliyefupizwa, jina la nyumbani, jina la kuitwa dirishani na mama. Bwana ni la barabarani. Yakikutana unapata mtu ambaye mji mzima unamjua na mji mzima unamheshimu, na sidhani kwamba kuna msomaji aliyewahi kumwita Msa peke yake. Hata kwenye jalada la riwaya ya mwisho ya mfululizo huo, Kosa la Bwana Msa ya mwaka 1984, amekosa lakini ni Bwana bado.

Neno hilo "bwana" lilikuwa na safari ndefu mpaka kufika hapo. Paa wa Steere alilisema kwa maana yake kali, mwenye kukumiliki. Mwaka 1897 utumwa uliondolewa nguvu ya sheria Unguja, na taratibu kila mwanamume mwenye heshima zake akawa bwana, hata yule ambaye babu yake alikuwa mtwana. Wakati huohuo serikali ililichukua likawa la ofisini, bwana shauri, bwana shamba, bwana afya. Mwandishi wetu mwenyewe alianza kazi mwaka 1938 katika idara ya afya, kazi ya ukaguzi, kwa hiyo alishaitwa bwana kabla ya kumbuni Bwana. Zaidi ya hayo kila mwanamke aliyeolewa naye alikuwa na bwana wake nyumbani. Jaribu kumfasiria mtoto aliyezaliwa Leicester neno hilo kwa Kiingereza. Ukichukua lile la barua za benki, umemfanya mpelelezi wetu mteja wa benki. Ukichukua lile la mmiliki, umerudi mwaka 1860. Wengi huliacha kama lilivyo, na mimi naona hiyo ndiyo busara.

Baada ya Mapinduzi ya 1964, na hasa baada ya Azimio la Arusha la 1967, neno lililotakiwa likawa "ndugu". Riwaya hazikuanza kumwita mtu wao Ndugu fulani, hilo lilibaki kwa wasoma taarifa ya habari na wenyeviti wa mikutano. Zilichofanya ni kuvua vyeo. Rosa wa Kezilahabi mwaka 1971 ni Rosa tu, Rehema wa Mohamed Suleiman Mohamed mwaka 1976 ni Rehema tu. Msimulizi anasimama karibu nao kama dada au kaka, na cheo kikionekana, mara nyingi kimevaliwa na tajiri. Lakini waandishi wawili wa Unguja walifanya jambo gumu zaidi, nalo ni kumpa mtu wao jina la fedheha na kukataa kulibadilisha.

Wa kwanza ni Adam Shafi. Katika Kasri ya Mwinyi Fuad ya mwaka 1978, tajiri ana "Mwinyi" yake hata kwenye jalada, na mtumishi wake anaitwa Kijakazi. Mjakazi ni mtumwa wa kike. Kijakazi ni yuleyule aliyepunguzwa tena. Hakuna mama anayemtazama mtoto wake mchanga akaona jina hilo bila ya mtu mwengine kumchagulia. Na msimulizi, ambaye waziwazi yuko upande wake, angeweza kumpa la siri, la kumwita yeye na wasomaji wake. Hakufanya hivyo. Kila sentensi inayompa Kijakazi tendo inakulazimisha ulitamke neno la utumwa, miaka zaidi ya 80 baada ya sheria kusema kwamba limekwisha. Watu wa upande wa pili wa siasa za Unguja, na tuko nao wengi huku ughaibuni, wanakilaumu kitabu kwa kuwachora mabwana kwa rangi moja, na wana hoja. Lakini hata msomaji wa namna hiyo akifika mwisho, jina lile limeshakuwa zito mdomoni mwake. Wafaransa walipokifasiri kitabu walikiita kwa mikarafuu ya Zanzibar. Mwinyi akaondoka jaladani, na sijui kama angefurahi.

Wa pili ni Said Ahmed Mohamed, katika Asali Chungu ya mwishoni mwa miaka hiyohiyo ya 1970. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, asiyetakiwa na aliyemzaa, anaitwa Dude. Dude kwetu ni kitu kikubwa kisichojulikana ni nini, kile unachokionesha kwa kidole cha mguu. Sarufi ya Kiswahili inampa kila mtu "a" yake, na msimulizi anaandika Dude akasema, Dude akacheka. Jina linamvuta kwenye ngeli ya vitu, kitenzi kinamrudisha kwenye ngeli ya watu. Sijaona lugha nyingine inayoweza kufanya hivyo kwa herufi moja.

Baadaye, katika Nagona ya Kezilahabi ya mwaka 1990, msimulizi ni "mimi" asiye na jina kabisa, na wahakiki wamepata kazi ya miaka mingi.

Mfano wangu wa mwisho umeandikwa kwa Kiingereza, na mwandishi wake ni mhamiaji mwenzetu hapa Uingereza. Paradise ya Abdulrazak Gurnah ilitoka mwaka 1994, miaka 27 kabla ya Tuzo ya Nobel. Inasimulia habari za pwani na bara wakati wa Wajarumani, kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza. Msimulizi anaanza na mvulana, ndipo anampa jina, Yusuf, mwenye umri wa miaka 12. Tajiri mmoja huja kwao kila baada ya muda, anakula, anampa mtoto sarafu, na mtoto amefunzwa kumwita ami au mjomba, kwa Kiingereza ni neno moja tu. Siku moja tajiri huyo, Aziz, anaondoka na mtoto. Kule dukani anakopelekwa, Khalil, kijana aliyemtangulia, anamweleza bila ya kumfunika: yule si ami yako, baba yako ana deni na wewe ni rehani, mwite Seyyid kama sisi.

Khalil analitumia neno hilo. Watu wa msafara wanalitumia. Yusuf linamkwama. Na msimulizi, ambaye amesikia kila kitu kama tulivyosikia sisi, anaendelea ukurasa baada ya ukurasa kumtaja tajiri kwa lile neno la ujamaa. Mwanzo msomaji hulipita. Baadaye linaanza kukera, na halafu unafahamu kwamba mtoto hana neno jengine la kushika. Akisema Seyyid amekubali kwamba ameuzwa. Akisema ami bado ana watu wake duniani. Msimulizi amekaa naye hapohapo, hamsahihishi. Hii ni hesabu ileile ya paa na thumuni yake, isipokuwa safari hii aliyetolewa kwa deni ndiye mwenye jina na ndiye mwenye hadithi.

Mwaka 2022 kitabu hicho kilirudi nyumbani kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, kikiwa kimefasiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota. Mfasiri wa Kiswahili alikuwa na tabu ambayo Gurnah hakuwa nayo. Kwa Kiingereza ndugu wa baba na ndugu wa mama wanaitwa sawasawa. Kwetu ami ni ndugu wa baba, na mjomba ni ndugu wa mama, ana haki zake na utani wake, na ukikosea watu wanacheka. Aziz si ndugu wa baba wala wa mama, kwa hiyo lolote litakalochaguliwa ni uongo, ila kila moja ni uongo wa upande wake. Mwenye nakala akifungue kitabu kurasa za mwanzo, aone Yusuf anasema nini tajiri anapomtia sarafu mkononi.